Gy 16 za mara moja: mionzi kwa makula iliyochakaa

Kiswahili kimelibebesha neno moja, mionzi, kazi za watu wanne. Jua lina mionzi. Leza inayochoma retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ya mgonjwa wa kisukari ni mionzi. Picha ya kifua ni mionzi, na tiba ya saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, nayo ni mionzi. Mzee akiambiwa kwamba jicho lake linaweza kupigwa mionzi, mtoto mmoja aliyemsindikiza anasikia leza, mwingine anasikia saratani, na wote wawili wanarudi nyumbani na habari mbovu. Basi tutenganishe mapema: hapa tunazungumzia eksirei na chembe za beta, mionzi ya ukoo uleule wa tiba ya saratani, inapoelekezwa kwenye doa la milimita chache nyuma ya jicho ambalo halina saratani yoyote.

Ugonjwa wenyewe ni uchakavu wa makula wa uzeeni. Makula ni eneo dogo katikati ya retina, lenye upana wa kama milimita tano na nusu, na ndilo tunalolitumia kusoma, kutambua sura ya mtu na kutunga uzi kwenye sindano. Sehemu za pembeni za retina haziwezi kusoma hata mstari mmoja wa gazeti. Ndiyo maana mgonjwa huyu hajigongi kwenye milango wala hatumbukii mitaroni kama yule ambaye presha ya macho imeshamla pembe za uoni. Anatembea vizuri sokoni, anaona bajaji ikija kwa ubavu, ila akisalimiwa hajui ni nani aliye mbele yake mpaka asikie sauti. Wengi hudhani ni mtoto wa jicho, wakasubiri ukomae. Mtoto wa jicho hutandaza ukungu kila mahali. Makula ikivuja hupinda mistari. Fumba jicho moja utazame fremu ya dirisha au mishono ya mkeka, kisha ufumbe la pili. Mstari ulionyooka ukionekana umejikunja katikati, kwa jicho moja tu, hiyo ni safari ya wiki hii, si ya baada ya mavuno.

Uchakavu huu una sura mbili. Sura kavu ni tishu kufa polepole kwa miaka, na mionzi haina kazi yoyote hapo. Anayeiuza kwa mgonjwa wa aina kavu anauza kitu ambacho hakipo. Sura ya majimaji ni nyingine. Chini ya retina, kutoka tabaka la koroidi lenye damu nyingi, huchipua mishipa mipya isiyo imara. Inavuja maji, inavuja damu, na mwisho huacha kovu. Kinachoichochea ni protini iitwayo VEGF, na sindano za kuizuia, zinazochomwa ndani ya jicho, ndizo zilizobadili ugonjwa huu kuanzia miaka ya 2000. Na asidanganyike mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli sura ya majimaji huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, lakini uchunguzi uliofanywa Nakuru, Kenya, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea uliwakuta wenye dalili za mwanzo za uchakavu wakiwa karibu mmoja kati ya kumi.

Mantiki ya kutumia mionzi haina ugumu. Mionzi huumiza zaidi seli zinazogawanyika. Ndani ya jicho la mzee, retina yenyewe haigawanyiki; zinazogawanyika ni seli za ukuta wa ile mishipa mipya, seli za kinga zinazoleta uvimbe na kuilisha, na zile zinazofuma kovu. Ukipata dozi inayozisimamisha hizo bila kuivunja retina, umeshinda. Shida yote ya miaka thelathini iliyofuata imo ndani ya neno hilo, dozi.

Mwaka 1993, Usha Chakravarthy na wenzake wa Belfast walichapisha majaribio ya awali yaliyotia watu hamu. Tukumbuke hali ya wakati ule. Hakukuwa na sindano. Kulikuwa na leza ya kuunguza, ambayo iliuzima mshipa pamoja na retina iliyo juu yake, hivyo mgonjwa aliinuka kitini akiwa na shimo jeusi katikati ya uoni siku hiyohiyo. Tiba yoyote isiyoacha shimo ilikuwa na mvuto. Hospitali za saratani zilikuwa na mashine tayari, na Ulaya ikaanza kujaribu: mgonjwa analala, kichwa kinafungwa kwa barakoa ya plastiki, mwali unaingia kwa ubavu kupitia paji la pembeni, mara moja kwa siku kwa siku kadhaa.

Kisha yakaja majaribio yenye kundi la kulinganisha. Ujerumani, mwaka 1999, watu 205: nusu walipewa Gy 16 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa mara nane, Gy 2 kila kikao, na nusu walilazwa chini ya mashine vikao vinane bila mionzi kuwashwa. Baada ya mwaka, waliopigwa walikuwa wamepoteza wastani wa mistari 3.5 ya chati na wasiopigwa 3.7. Hakuna tofauti. Uingereza, mwaka 2002, watu 203, Gy 12 kwa vikao sita: hali ileile. Wengi wakafunga jalada hapo, wakisema mionzi haifanyi kazi kwenye makula.

Lakini hapo palikuwa na kosa la hesabu ambalo mtu wa idara ya saratani asingelifanya. Gy ni kipimo cha nishati iliyobaki ndani ya tishu. Hakisemi tishu imeumia kiasi gani, kwa sababu seli iliyopigwa kidogo leo hujitengeneza usiku, ikaamka kesho ikiwa karibu nzima. Hesabu inayotumika ni hii: chukua dozi yote, uizidishe kwa moja jumlisha dozi ya kikao kimoja gawanya kwa tarakimu ya tishu husika. Kwa tishu zinazoumia kwa kuchelewa, kama kapilari za retina, yaani mishipa yake midogo kabisa ya damu, tarakimu hiyo huwekwa 3. Gy 16 kwa vikao nane vya Gy 2: 16 mara 1.67, unapata karibu 27. Gy 16 zilezile kwa kikao kimoja: 16 mara 6.33, unapata 101. Ni dozi moja kwa jina, lakini nguvu imezidi karibu mara nne. Kweli, kwenye kikao kimoja kikubwa namna hiyo kanuni hii hutia chumvi kidogo, lakini haitii chumvi mara nne. Wajerumani wale walikuwa wamejaribu dozi nyepesi. Jaribio lao lilijibu swali lake vizuri sana. Sisi wasomaji ndio tuliolipa jibu hilo upana ambao halikuwa nao.

Hesabu hiyohiyo inatisha ikisomwa upande wa pili. Ukiibadilisha 101 iwe lugha ya vikao vya Gy 2, unapata kama Gy 61. Na madhara ya mionzi kwenye retina hutarajiwa kuanzia kama Gy 45 hadi 50 za vikao vya kawaida. Kwa maneno mengine, dozi inayotosha kuuzima mshipa mpya imeshavuka uzio wa kapilari za kawaida. Ukitaka kuitumia, huna budi kuibana iwe doa dogo. Swali likahama kutoka ngapi kwenda wapi.

Jibu la kwanza lilikuwa kuingia na chanzo chenyewe ndani ya jicho. Kampuni ya NeoVista ilitengeneza kifaa chenye strontiamu-90 kwenye ncha. Daktari anafanya upasuaji wa kuondoa ute wa jicho kupitia matundu matatu, anaingiza mrija mwembamba, anausogeza mpaka ukae juu ya makula, anasukuma chanzo kutoka kwenye kinga ya mpini hadi ncha, na kukishikilia hapo dakika chache mpaka Gy 24 ziingie. Kwenye karatasi ni wazo zuri kuliko yote: chembe za beta husafiri milimita chache tu, hivyo lenzi na mshipa wa fahamu wa jicho havifikiwi na dozi ya maana. Kwenye meza ya upasuaji ni mkono wa binadamu unaoshikilia ncha kwa dakika kadhaa juu ya tishu isiyovumilia kuguswa. Beta hufifia haraka mno: ncha ikiinuka sehemu ya kumi ya milimita, dozi imeshuka, ikiegemea upande, doa limehama. Tena ute ukishaondolewa, jicho ambalo bado lina lenzi yake ya asili hupata mtoto wa jicho mapema.

Matokeo yalikuwa mabaya kuliko ya sindano peke yake. Jaribio la CABERNET, watu 494, lilichapishwa 2013: baada ya miaka miwili waliopewa strontiamu walikuwa wamepoteza wastani wa herufi 2.5, wakati waliopewa sindano peke yake waliongeza 4.4. MERLOT ya Uingereza, watu 363 waliokuwa tayari kwenye sindano, ilitoa matokeo mwaka 2016. Lengo lilikuwa kupunguza sindano. Waliopewa mionzi walichomwa 4.8 kwa mwaka, na wenzao 4.1. Baada ya hapo sioni sababu ya mtu yeyote kukubali mrija ule.

Njia ya pili ndiyo iliyobaki hai. Oraya, kampuni ya California, ilitengeneza mashine iitwayo IRay, na imetumika Uingereza, Ujerumani na Uswisi. Haihitaji chumba cha upasuaji. Inatumia eksirei za kilovolti 100, dhaifu mno zikilinganishwa na mwali wa mashine ya saratani, na udhaifu huo ndio sifa yake: kinachopita nyuma ya jicho na kufika kwenye ubongo ni kidogo.

Kikao huenda hivi. Kwanza hupimwa urefu wa jicho, kwa sababu kompyuta inahitaji kujua makula iko mbali kiasi gani. Jicho fupi sana au refu sana, nje ya milimita 20 hadi 26, haliingii kwenye hesabu za mashine. Mgonjwa anakaa, kidevu juu ya kiegemeo kama anavyozoea kliniki. Jicho la pili linafunikwa. Matone ya ganzi yanawekwa, kisha lenzi ya kugusa yenye mvuto mdogo wa hewa inabandikwa juu ya konea. Hiyo ndiyo hulishika jicho lisizunguke. Kamera hufuatilia alama za lenzi hiyo, na jicho likihama kupita kikomo mashine hukata mwali yenyewe. Miali ni mitatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukibeba Gy 5.33, na yote huingia kupitia weupe wa jicho upande wa chini, kila mmoja mlango wake, ikakutana kwenye makula. Kwa nini isipite kwenye mboni, njia fupi? Kwa sababu ya lenzi ya asili ya jicho. Tangu 2011 wataalamu wa kinga ya mionzi duniani wanahesabu Gy 0.5 kuwa inatosha kuanzisha mtoto wa jicho. Mionzi yenyewe huchukua dakika chache tu. Muda mwingi huliwa na kupanga.

Doa linalopatikana lina upana wa milimita 4. Tazama jiometri yake: kitovu cha makula kiko kama milimita 4.5 kutoka katikati ya kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho, na kichwa hicho kina upana wa kama milimita 1.5. Toa nusu ya doa, toa nusu ya kichwa cha mshipa. Kinachobaki kati yao hakifiki milimita mbili. Hapo ndipo unaelewa kwa nini lenzi ya kushika jicho si pambo, na kwa nini kidonda, yaani eneo lote la mishipa mipya, kinachozidi milimita 4 hakifai. Kingo zake zitabaki nje ya doa, zitaendelea kuvuja, na mgonjwa atakuwa amebeba hatari yote kwa faida nusu.

Jaribio la INTREPID, watu 230, lililochapishwa 2013, lilijaribu Gy 16 na Gy 24 dhidi ya mionzi ya kuigiza. Sindano zilipungua karibu theluthi kwa mwaka wa kwanza, na Gy 24 hazikuongeza cha maana juu ya 16. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye kidonda kisichozidi milimita 4 na makula iliyojaa maji. Wenye makovu zaidi ya maji hawana cha kutarajia hapo, na hilo halishangazi. Mionzi haifufui.

Kisha STAR, jaribio kubwa kuliko INTREPID kwa njia hii, likiongozwa na Timothy Jackson wa King's College London, matokeo yakitoka kwenye Lancet mwaka 2024. Watu 411, wote wakiwa wameshaanza sindano na bado wanazihitaji. Wawili kati ya kila watatu walipigwa Gy 16, mmoja aliigiziwa. Kwa miaka miwili waliopigwa walihitaji wastani wa sindano 10.7, wenzao 13.3, hesabu ikirekebishwa, karibu tatu pungufu. Uoni wao haukuwa mbaya kuliko wa wenzao kwa kiwango cha herufi tano kilichowekwa. Gharama ya mionzi ilifidiwa na sindano zilizookolewa.

Hapo wengi hufunga kitabu kwa furaha. Mimi nasoma mstari unaofuata: mabadiliko ya mishipa midogo ya retina yalionekana kwa asilimia 35 ya macho yaliyopigwa, dhidi ya asilimia 12 ya yasiyopigwa. Ndiyo ile 61 tuliyoihesabu, imekuja kudai chake. Mabadiliko hayo ni vivimbe vidogo vya kapilari, vitone vya damu, mahali ambapo kapilari zimeziba. Kwa miaka miwili hayakuonekana kuwapunguzia watu uoni. Lakini jeraha la mionzi ni jeraha la subira, na mgonjwa wa miaka 68 ana miaka mingi ya kulilea kuliko wa 85. Ningekuwa na dozi moja ya kugawa, ningempa huyo wa 85 anayechomwa kila mwezi na anayesumbuka kufika kliniki, kabla ya huyo wa 68 anayekwenda vizuri kwa sindano ya kila wiki kumi.

Kuna jambo jingine kuhusu hizo sindano tatu. STAR iliwaita watu kila mwezi kuangaliwa, wakachomwa pale tu ilipohitajika. Kilichopungua ni sindano. Safari zilibaki zilezile. Kwa mzee wa London anayefuatwa na gari la hospitali hilo si tatizo. Kwa mzee wa Singida anayelala kwa ndugu Dodoma au Dar ili aonwe asubuhi, safari ndiyo ugonjwa wa pili. Tena dawa zimesogea: faricimab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 inaweza kufikisha wiki 16 kati ya sindano na sindano kwa baadhi ya wagonjwa. Kila dawa inaporefusha kamba yake, zile sindano tatu za STAR zinapungua thamani.

Hii ndiyo sababu naiogopa sana hoja ya "mara moja umalize". Kwetu tunaipenda tiba ya namna hiyo, na kwa haki, maana nauli na foleni zimetufundisha. Mtu akisikia kikao kimoja cha mionzi, anaelewa kwamba sindano zimekwisha. Hazijakwisha. Katika majaribio yote ya tangu sindano zije, mionzi ilikuwa nyongeza juu ya sindano, na jicho lililopigwa likiachwa bila kufuatiliwa litavuja na kufa kama lile ambalo halikupigwa. Kama huwezi kufika kliniki kila mwezi au miwili, mionzi haitakuokoa na hilo.

Wala mashine ya saratani iliyo karibu si mbadala. Mwali wa LINAC, yaani mashine hiyo ya saratani, una nguvu ya mamilioni ya volti. Unatoboa jicho, unaendelea kichwani, na kingo zake hufifia kwa milimita kadhaa, upana ambao hapa ndio nafasi yote tuliyo nayo kati ya doa na mshipa wa fahamu. Bila kitu cha kulishika jicho lenyewe, si kichwa tu, unapiga shabaha inayotembea. Ukiipunguza dozi ili iwe salama, unarudi kwenye Gy 2 za Ujerumani.

Kinachofanya kazi Afrika Mashariki kwa bei inayobebeka ni sindano ya bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo inayozuia VEGF, ambayo tangu 2013 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya jicho. Mwaka 2011 jaribio la CATT la Marekani lilionyesha kwamba kwa uoni inakwenda sambamba na ranibizumab, dawa nyingine ya kuzuia VEGF iliyo ghali. Kichupa cha mililita 4 kina miligramu 100. Jicho moja linahitaji miligramu 1.25 kwenye mililita 0.05. Kwa hesabu tupu hizo ni dozi themanini, na hapo ndipo hatari ilipo. Kichupa kikichomwa mara nyingi juu ya meza ya kliniki badala ya kugawanywa mara moja kwenye kabati safi la famasia, bakteria mmoja anaweza kupita kwenye macho ya foleni nzima. Ukitaka kumwuliza daktari swali moja la maana, uliza sindano yako ilijazwa wapi na lini.

Anayeishi mahali inapopatikana IRay, labda jamaa aliye Uingereza, naye apime mambo machache kabla ya kukubali. Kisukari kilichokwisha kugusa retina ni sababu ya kukataa, kwa kuwa kapilari zake zimeshachoka kabla ya mionzi kuzifikia. Kadhalika kichwa au jicho lililowahi kupigwa mionzi kwa sababu nyingine, na mshipa wa fahamu wa jicho wenye ugonjwa. Kidonda kipimwe kwa picha ya OCT, inayoonyesha matabaka ya retina, na angiografia, picha ya mishipa ya damu, kisikadiriwe kwa macho. Na aliyekwisha kupata kovu jeupe katikati asiguswe.

Akikubali, adai barua, aiweke pamoja na kadi zake za kliniki: jicho gani, tarehe, mashine, Gy ngapi, kikao kimoja. Miaka mitatu baadaye, kwenye kliniki nyingine au nchi nyingine, daktari atakuta vitone vya damu kuzunguka makula, atapima sukari, atapima presha, na asipate kitu. Bila barua ile hatajua kwamba anatazama alama za miali mitatu iliyoingia kwa chini.